Ufa ndio chanzo cha tetemeko, au tetemeko ndilo linalopasua ardhi?

Mdadisi
Wakuu, mwanangu kaniuliza swali nikakwama. Kitabu chake kinasema miamba hukatika ndipo ardhi ikatetemeka. Yeye anasema: "Walijuaje? Mbona isiwe tetemeko ndilo limepasua ardhi, kama linavyopasua ukuta?" Nilitaka kumjibu kwamba wataalamu wamesema, nikaona jibu hilo halimtoshi. Nani alithibitisha, na kwa ushahidi gani?

Mpimaji Mstaafu
Ndugu, mpe mwanao hongera. Swali hilo liliwasumbua watu wazima kwa karne nyingi.

Aristotle alisema ni upepo uliofungiwa ardhini. Baada ya mji wa Lisbon, Ureno, kubomoka kwa tetemeko tarehe 1 Novemba 1755, Mwingereza John Michell aliandika mwaka 1760 kwamba mtikisiko husafiri ardhini kwa mawimbi. Hapo alipatia. Chanzo chake akadhani ni maji kuingia kwenye moto wa chini na kugeuka mvuke. Mwaka 1849 Robert Mallet alilipua baruti ufukweni Killiney, Ireland, huku akichungulia zebaki ndani ya chombo aone mtikisiko ukifika, apate kupima mwendo wake. Kazi nzuri sana, ila inaeleza safari ya wimbi tu, si kilicholianzisha.

Tetemeko la Japani la tarehe 28 Oktoba 1891 ndipo mambo yalipogeuka. Mtaalamu wa miamba Bunjiro Koto alikwenda bonde la Neo akakuta ardhi imekatika. Kijijini Midori upande mmoja umesimama juu ya mwenzake kwa takriban mita 6. Udongo ukiporomoka hufuata mteremko. Lakini ufa huu ulikata vilima na mashamba ya mpunga vilevile, kwa hiyo hayakuwa maporomoko. Koto akatamka kwamba kukatika huko ndiko kulikoleta tetemeko.

Ila ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa California, kwa sababu uliletwa na watu wa kazi yangu. Wapimaji walikuwa wameshapima pembetatu kutoka kilele hadi kilele miongo kadhaa kabla ya tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Baadaye wakarudi kwenye alama zilezile. Mwanasayansi Harry Fielding Reid akalinganisha hesabu: magharibi ya ufa uliokatika huko, alama zimekwenda kaskazini, mashariki zimekwenda kusini. Upande wa mashariki, alama zilizo kilomita 1.5 hivi kutoka kwenye ufa zilisogea kama mita moja na nusu. Zilizo kilomita 6 hivi, nusu mita na kidogo. Sasa mwambie mwanao afikirie: kutikisika tu kungezitawanya ovyo. Mpangilio ule unaonyesha mwamba uliopindwa polepole kwa miaka mingi, kisha ukakatika na kurudi kunyooka. Reid aliyaandika hayo mwaka 1910.

Binti wa Kemia
Na Wachina je? Zhang Heng alikuwa na chombo cha kutambua matetemeko mwaka 132.

Mpimaji Mstaafu
Kweli kabisa, dada, na ni heshima kubwa kwake. Lakini chombo kile kilijulisha kwamba ardhi imetikisika. Kwa nini imetikisika, hakikuweza kusema.

Mdadisi
Asante sana mzee wangu. Nimemsomea. Anauliza kama mwamba unaweza kupinda, maana jiwe ni gumu.

Mpimaji Mstaafu
Unapinda, kidogo sana kwa kila kilomita, kwa hiyo jicho halioni; darubini ya mpimaji ndiyo inaona. Reid mwenyewe alitumia jeli ngumu kati ya vibao viwili. Alichora mstari mnyoofu juu yake, akasukuma kibao kimoja, mstari ukapinda. Akaikata jeli katikati kwa kisu: pande mbili zikaruka, mstari ukanyooka tena, lakini vipande vyake havikukutana. Fanyeni hilo nyumbani.

Kilichokuwa kinasukuma vibao huko chini Reid hakukijua. Habari ya mabamba ya ardhi, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea polepole na kusukumana, ilikubalika miaka ya 1960.

Mkimaliza, mpe swali hili. Jeli ikiwa imeshasukumwa lakini haijakatwa, chora mstari mwingine mnyoofu, kama ua lililojengwa wiki moja kabla ya tetemeko. Kata. Mstari huo wa pili utakuwaje? Asikimbilie kujibu kabla hajaukata.

Mdadisi
Tumekata sasa hivi. Umepinda kuelekea upande wa pili! Ameanza upya na jeli nyingine.