Wakuu naomba ushauri: logi yangu ya mashindano ya redio ina makosa, niitume au niache?

WayaMnazini (Tanga), Jumatano usiku

Wakuu, habari za jioni. Najua humu watu wa redio za ridhaa ni wa kuhesabu, ila hata wengine naomba busara zenu, maana tangu Jumatatu chakula hakipiti.

Wikendi iliyopita nilishiriki CQ World Wide ya sauti, mashindano ya kuwasiliana na vituo vingi vya dunia na kuviandika vyote kwenye logi, ile ya wikendi kamili ya mwisho wa Oktoba. Ni saa 48, na kwetu inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Nipo Sahare, antena zangu tatu za waya (za bendi za mita 10, 20 na 40) zimefungwa kwenye minazi ya uani, redio ya wati 100, betri ya N200 chini ya meza. Nimejiandikisha kundi la mwendeshaji mmoja, nguvu ndogo. Mawasiliano 1,143! Kwa mtu wa waya na minazi, sikutegemea.

Tatizo, Jumamosi umeme ulikatika, kompyuta ikazima, redio ikabaki kwenye betri na tukaandika kwenye daftari. Sasa nimeona kolisaini nyingi (yale majina ya vituo ya herufi na namba) zimeandikwa vibaya. Mwisho wa kutuma logi ni siku tano baada ya mashindano, yaani usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Nitume hivyo hivyo, nirekebishe, au niache?

BeiNafuu

Mkuu hiyo redio inauzwaje? Inafika Oman? Nina shemeji Maskati, vifurushi vimenimaliza.

MzeeAntena (Bagamoyo)

Hongera sana, 1,143 kwa wati 100 si mchezo. Kunakili kutoka daftarini kuingiza kwenye kompyuta ni halali. Kusahihisha si halali. Kanuni ya CQ WW inakataza kurekebisha kolisaini baada ya mashindano, iwe kwa kusikiliza rekodi, kupekua orodha au kuwaandikia watu barua pepe. Wanapima ulichosikia na kuandika saa ile ile. Japani kwako ni pointi 3 kwa sababu ni bara jingine. Ukikosea herufi moja hizo 3 zinaondoka na 6 nyingine zinakatwa. Ndiyo gharama yake, tuma.

Halafu ndugu yangu, umesema "nilishiriki", "nimejiandikisha", ukafika kwenye daftari ukasema "tukaandika". Ninyi na nani?

BiMkubwa_Chumbageni

Mwanangu, mimi redio sijui, ila hesabu naijua. Marehemu baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la katani, enzi hizo katani ndiyo Tanga yenyewe. Kila jioni alikuja na kitabu chake kina doa la jasho pale anapoweka kiganja. Akikosea namba hafuti, anapiga mstari mmoja ili ya chini isomeke, anaweka sahihi pembeni. Siku moja msimamizi akamtaka aandike ukurasa upya uwe msafi. Baba akakataa, akahamishwa kupelekwa kuhesabu magunia bandarini. Tulilala na mihogo mwezi mzima na hatukumlaumu. Usifute mwanangu.

WayaMnazini

Shikamoo Bi Mkubwa, asante. BeiNafuu, hii si ya kumpigia shemeji, huku inatakiwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na pande zote mbili zifuate sheria za kwao, na kila mtu anasikia mnachoongea.

MzeeAntena, ukweli ni kwamba 63 nimesharekebisha. Nilikuwa narekodi kwa simu. Sioni kama ni udanganyifu, kolisaini zilisemwa hewani kama zilivyo, kilichokosea ni mwandiko. D inaonekana O, 4 inaonekana 9. Na ile "tuka" ni mazoea ya kuongea tu.

SpikaYaMtaa

Mnanikumbusha mbali. Mtaani kwetu Makorora kulikuwa na jamaa ana redio kama hizo. Siku moja baada ya alasiri spika za msikiti zikaanza kutoa sauti ya mtu kama bata anayekoroma, watu wakatoka na kanzu zao wanatafuta. Kumbe ni yeye, mawimbi yanaingia kwenye waya mrefu wa maikrofoni. Bahati nzuri ni mstaarabu, alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akafunga pete nyeusi za feraiti kwenye zile nyaya na kelele zikaisha. Hadi leo spika ikikwaruza wazee wanamtaja. Wewe majirani vipi?

MzeeAntena

Pete za feraiti ni dawa kweli. Turudi kwenye mada. Kijana, mtu hashindwi kusoma D ya mkono wake mwenyewe mara 63. Mwandiko wa nani?

WayaMnazini

Sawa mzee wangu. Ni wa mpwa wangu, ana miaka 19. Usiku wa kuamkia Jumapili nililala kuanzia saa sita mpaka saa kumi na moja, mwili ulikataa, yeye akakaa. Bado hana leseni, anajifunza. Lakini mjue ana adabu hewani kuliko wengi: anasikiliza kwanza, anauliza kama masafa yanatumika, anasubiri, anauliza tena ndiyo anaita. Anataja kolisaini yangu kila baada ya mtu mmoja au wawili, wala hamwachi mtu akisema herufi mbili za mwisho tu, anadai kolisaini kamili. Na sauti yake ni kama yangu. Wajapani wa mita 10 walimpanga foleni, arobaini mfululizo kuanzia saa nane! Niwatupe watu 212 kwa sababu nililala?

KonaZote

Nilikuwa nasoma kimya, sasa nasema: hii ni chai.

Mita 10 inaishi kwa jua. Saa nane usiku Tanga mita 10 imelala fofofo. Ukisema ulimaanisha saa nane mchana, kwa Japani hiyo ni saa mbili usiku, jua lao limezama zamani, foleni ya watu arobaini inatoka wapi? Na zaidi, unasema alikaa usiku wakati umelala. Mtunzi umekosea ukurasa. Wazee wanakupa baba zao waliokula mihogo, wewe unawatungia hadithi. Weka picha ya daftari.

BeiNafuu

Duh.

SpikaYaMtaa

Hata mimi niliona 1,143 ni nyingi.

MzeeAntena

1,143 inawezekana kabisa. Kanda 37, yaani eneo letu kwenye mashindano haya, ina vituo vichache, ukiita tu dunia inakurukia. Ila hoja ya jua ni nzito. Jibu kijana.

WayaMnazini

Sijatunga. Saa ya ukutani juu ya redio nimeiweka UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma saa tatu, logi lazima iwe ya UTC. Daftarini imeandikwa 0800 nami nikaisoma "saa nane". Kwetu ni saa tano asubuhi. Japani ni saa kumi na moja jioni, jua linazama, ndiyo saa yao nzuri. Picha nimeweka hapo chini, kolisaini nimezifunika.

KonaZote

Picha nimeiona, ni daftari la shule la mistari, pembeni kuna alama ya kikombe na namba zinapanda kwenda juu kulia. Naondoa neno chai, nimekukosea, samahani.

Lakini basi ni saa tano asubuhi ya Jumamosi, tarehe iko pale juu. Mwandiko ni ule ule wa D kama O. Ulisema mpwa alikaa usiku wa kuamkia Jumapili. Saa tano asubuhi Jumamosi wewe ulikuwa wapi?

WayaMnazini (Alhamisi, baada ya alfajiri)

Nimekesha na swali hilo.

Nilikuwa Pongwe kwenye nikaha ya binti wa kaka yangu. Nisingeweza kukosa, mimi ndiye baba mdogo. Niliondoka saa tatu na nusu nikarudi saa saba mchana. Umeme ulikatika mimi sipo. Nilimwambia asiguse, akanipigia simu sauti inatetemeka kwa furaha, "mjomba Japani yote iko hapa", nami nikamwambia endelea. Hilo ndilo nilishindwa kuandika tangu jana. Usiku ule wa pili kwa kuwa asubuhi ilishafanyika nikaona ni yale yale.

Lakini jamani hakuna aliyeumia. Waliotuita walipata 5 9 37 yao.

SpikaYaMtaa

Hiyo 59 ndiyo nini? Nasikia mnapeana wote hata asiyesikika.

MzeeAntena

Kwenye mashindano ni desturi, ripoti ya ishara wote wanaiandika 59, haimdanganyi mtu. Kinachobeba uzito ni 37, namba ya kanda. Kwa Mjapani Tanzania ni nchi mpya na kanda mpya kwenye bendi ile, vizidishi viwili vya alama kwa mkupuo.

Kijana, nakwambia kwa upendo. Mwendeshaji mmoja maana yake mtu mmoja anaita, anasikiliza na anaandika. Hiyo imevunjika. Usihamie kundi la waendeshaji wengi ukadhani umepona, kwa sababu mpwa hana leseni na wewe hukuwepo chumbani. Kolisaini ni jina lako mbele ya dunia, na siku ile jina lako lilikuwa linaongea wewe ukiwa kwenye pilau. Rudisha zile 63 zilivyokuwa. Tuma logi yote kama logi ya ukaguzi, haipewi alama wala nafasi, ila waandaaji wanaitumia kulinganisha logi za wengine. Waandikie na maelezo. Wale 212 waachie waandaaji waamue, usiwafute wewe.

BiMkubwa_Chumbageni

Na huyo mtoto usimgombeze. Aliambiwa endelea.

WayaMnazini (Ijumaa, saa nne usiku)

Nimetuma. Logi ya ukaguzi. Zile 63 nimezirudisha moja moja nikiwa na daftari mkononi, imenichukua saa mbili na nusu. Maelezo nimeyaandika mafupi, nikaha nimeitaja.

Nafasi iliniuma, sitaficha. Nilishaanza kupiga hesabu ningekuwa wa ngapi Afrika.

Mpwa amesoma uzi wote. Anauliza Novemba, ile ya Morse, kama anaruhusiwa angalau kuniandikia logi mimi nikiwa nasikiliza.

MzeeAntena

Ukiingia mwendeshaji mmoja, hapana.

WayaMnazini

Hata kalamu asishike?

MzeeAntena

Hata kalamu. Mwambie aanze na leseni, nitamsaidia fomu.