Mrejesho: bahasha ya Sonic 2 niliyoipata Owino

Ndugu zangu, wiki jana niliuliza kama bahasha ya Sonic 2, mchezo wa video wa kampuni ya Sega, ya aina waliyopewa waandishi wa habari ili wautangaze mchezo, niliyoinunua sokoni Owino hapa Kampala, ni ya kweli. Leo nimeifungua. Ndani mna taarifa inayotaja 24 Novemba 1992, siku mchezo ulipotoka Marekani na Ulaya, picha mbili za karatasi, na slaidi sita za milimita 35, yaani vipande vidogo vya filamu vyenye picha. Slaidi ndizo zilizonigusa! Enzi hizo picha hazikutumwa kwa intaneti. Magazeti yalichapa kutoka kwenye slaidi kama hizi. Aliyenishauri nizitazame dirishani kwa lenzi ya kukuzia, asante sana: rangi bado zinang'aa, ila moja imeota ukungu. Hiyo nimeitenga na wenzake. Siuzi.