Tupeane uzoefu: Watoto wa kiume na kusoma vitabu, mliwavutaje?

Habari zenu wakuu. Nina kijana yuko la nne. Dada yake anameza vitabu. Yeye kitabu ukimpa, kesho unakikuta uwanjani kimekuwa nguzo ya goli. Sizungumzii vya shule, hivyo anasoma kwa sababu ya mtihani. Nataka asome kwa raha zake. Mlifanyaje?

Baba Watatu:
Mkuu, wangu alianzia kwenye Mwanaspoti. Mimi Yanga, yeye Simba kama mama yake. Kesho yake baada ya dabi naacha gazeti mezani makusudi, ukurasa wa Simba juu. Mwanzo akawa anaangalia picha, akahamia kwenye maneno ya chini ya picha, mwisho akawa ananijia na ushahidi: "Baba, soma hapa, haikuwa ofsaidi!" Ili anibishie vizuri ikabidi amalize habari nzima. Siku hizi yuko kwenye hadithi za wapelelezi, taa hazimi. Halafu na wewe baba shika kitabu akuone. Akidhani kusoma ni mambo ya mama na dada tu, imeisha hiyo.

Ticha wa la tatu:
Msifanye kitabu adhabu jamani! Kapigana: "nenda kasome." Kafanya vizuri: anapewa simu. Atapenda kipi? Mimi nawasomea kwa sauti hadithi ya fisi, fisi akikaribia mtego nafunga kitabu, kipindi kimeisha. Wale watundu wa dawati la nyuma ndio wa kwanza kuja kukiazima.

Wa Garissa:
Huku kwetu kuna maktaba ya ngamia, ya maktaba ya taifa, tangu 1996. Vijana hufuata ngamia kwanza, masanduku yakifunguliwa ndio wanakumbuka vitabu. Wangu hupigania vya magari, na namwacha.

Mpita njia:
Gazeti la mpira nalo ni kusoma?

Baba Watatu:
Ni kusoma, tena kwa hasira 😂. Mleta mada, kama uko Dar, likizo mpeleke Maktaba Kuu pale Bibi Titi, kuna sehemu ya watoto. Achague mwenyewe, hata akibeba cha katuni nyamaza.

Mleta mada:
Nashukuru sana, maktaba tutaenda. Ila kwenye gazeti nina mtihani, huyu wangu ni Azam.