Wakuu, Linux ndani ya VirtualBox inanitoa jasho. Msaada kabla ya Ijumaa

KijanaWaMasasi
Wakuu heshima kwenu. Nipo Masasi. Laptopu ina RAM GB 4, kori 2, diski ya kuzunguka GB 500, Windows 10 Pro. Nimeweka VirtualBox 7.0, programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya Windows, nikatengeneza VM (ndiyo hiyo kompyuta ya kuigiza) ya Ubuntu 24.04, aina ya Linux, na kuipa RAM GB 3 na prosesa 2. Inafunguka mpaka mwisho, ila ukibofya kitu unaweza kwenda kununua chapati ukarudi bado inafikiri. Hata Windows yenyewe inaganda. Jamaa mmoja kaniambia VT-x, uwezo wa prosesa wa kusaidia VM, imezimwa. Ijumaa nina usaili wa vitendo wa Linux. Nifanyeje?

FundiChikongola
Anza na hesabu kabla ya VT-x. Windows 10 ikitulia tu inakula karibu GB 2. Wewe umetoa GB 3 kwa VM. Jumla 5, mashine ina 4. Kinachozidi kinahamishiwa kwenye pagefile, faili la diskini linaloshika nafasi ya RAM, na diski ya kuzunguka inakimbizwa huku na huko na mifumo miwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana vyote vinaganda pamoja. Shusha VM hadi MB 1536. Ikigoma panda 2048, usivuke hapo. Prosesa weka 1, kori zako ni 2 tu na Windows nayo inataka kupumua.

Halafu Ubuntu ya kawaida inakuja na GNOME, yaani mwonekano wake wa madirisha na menyu, ambayo kwa mashine hiyo ni mzigo. Pakua Debian, Linux nyingine, kwa faili dogo la netinst ya amd64, faili halifiki GB 1. Ukifika hatua ya kuchagua programu utakuta GNOME imeshawekewa tiki. Itoe, weka LXQt, mwonekano mwepesi. VDI, yaani faili la diski ya VM, ya GB 20 inayokua kadiri unavyoijaza inatosha, ila ujue inakua tu. Ukifuta mafaili ndani ya VM, huku nje haipungui yenyewe.

PweleNiPwele
Yote ya nini? Futa Windows, weka Linux moja kwa moja. Windows 10 yenyewe Microsoft walisitisha huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025.

KijanaWaMasasi
Kufuta Windows haiwezekani. Na Ubuntu nimeshaipakua, karibu GB 6, bando la wiki nzima limeishia hapo. Sianzi upya. Nadhani VT-x ikiwaka mambo yatakaa sawa.

FundiChikongola
VT-x haiongezi RAM, mkuu. Ila kama bando limekata usiifute Ubuntu, ivue GNOME tu. Fungua terminali ndani ya VM:

sudo apt update
sudo apt install --no-install-recommends lxqt-core openbox breeze-icon-theme

Hiyo ya mwisho ni picha za vitufe, bila hiyo baadhi vinaweza kutokea vitupu. Toka kwenye akaunti, bofya jina lako, kabla ya kuandika nenosiri angalia kigurudumu chini kulia, chagua LXQt. Haitakuwa nyepesi kama Debian kwa sababu huduma za Ubuntu kama snapd na GDM zinabaki vinaendelea kwa nyuma, lakini tofauti utaiona.

BintiMikindani
Kuhusu VT-x, zima laptopu kabisa, iwashe ukigonga F10 kama ni HP au F2 kama ni Dell, tafuta Virtualization Technology, weka Enabled, hifadhi, toka. Dakika mbili.

KijanaWaMasasi
BIOS, hiyo mipangilio ya uwashaji, ina nenosiri dada.

BintiMikindani
Nenosiri la nani? Laptopu si yako?

KijanaWaMasasi
Tuseme naitumia mimi.

BintiMikindani
Kaka, tukusaidie au tucheze kombolela?

KijanaWaMasasi
Haya. Ni ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mimi ni karani wa ghala, nimekabidhiwa msimu huu. Ndani kuna mafaili ya uzito wa korosho za wakulima. Lakini sijagusa kitu, VirtualBox ni programu kama nyingine. Na mwenyekiti nilimwambia kwa mdomo.

MzeeWaGhala
Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mkulima wa Nanyumbu anasubiri malipo yake ya mnada, wewe unajaribia kompyuta yenye kilo zake! Mafaili hayo yana nakala?

KijanaWaMasasi
Nakala zipo kwenye fleshi moja. Nadhani.

PweleNiPwele
"Nadhani" 😂 Nafuta ushauri wangu wa kufuta Windows.

Mhakiki_Lindi
Samahanini, mimi naona hii ni chai. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 iliacha kabisa kuendesha VM bila msaada wa prosesa. VT-x ikiwa imezimwa, toleo la 7.0 linatupa kosa hapohapo, VM haiwaki. Huyu anasema VT-x imezimwa na wakati huohuo Ubuntu inafunguka mpaka mwisho. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Hakuna laptopu, hakuna AMCOS, mtu anatafuta likes.

PweleNiPwele
Leteni vitafunwa.

KijanaWaMasasi
Mimi nimesema NIMEAMBIWA imezimwa. Sijaingia BIOS.

FundiChikongola
Mhakiki ana hoja, ila kuna njia ya tatu. Kijana, VM ikiwa inaendelea, angalia ukanda wa chini kulia wa dirisha la VirtualBox. Kuna picha gani?

KijanaWaMasasi
Kuna kobe wa kijani.

FundiChikongola
Basi si chai. VT-x imewaka, ila Hyper-V, mfumo wa VM wa Windows yenyewe, imeikalia, na VirtualBox inapita kwa mlango wa nyuma. Kobe ndiyo alama yake. Ukifungua faili la kumbukumbu la VBox.log utakuta maneno "Snail execution mode is active", yaani humo wanamwita konokono. Thibitisha kwa amri ya msinfo32, mstari wa chini kabisa utasema hypervisor, yaani kiendesha VM, imegunduliwa. Mara nyingi chanzo ni vipengele vya Windows kama WSL2, Virtual Machine Platform, au Memory integrity kwenye Core isolation.

Dawa ni kufungua CMD, dirisha la amri, kama msimamizi, kisha bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, halafu kuwasha upya. Memory integrity nayo izimwe.

KijanaWaMasasi
Naingiza sasa hivi.

BintiMikindani
SUBIRI. Kwenye CMD hiyohiyo andika kwanza manage-bde -status C: utuambie Protection Status inasemaje.

KijanaWaMasasi
Inasema Protection On. Ni vibaya?

BintiMikindani
Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski. Ukibadilisha mipangilio ya uwashaji inaweza kushtuka na kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufungua diski. Usipokuwa nao, Windows haifunguki na mafaili ya korosho yanabaki ndani. Ufunguo anao nani?

KijanaWaMasasi
Fundi aliyeifunga. Yupo Dar, tangu asubuhi hapokei simu.

MzeeWaGhala
Nilisema mimi.

FundiChikongola
Basi bcdedit usiiguse, kobe abaki. RAM na LXQt peke yake vitakusogeza mpaka Ijumaa.

KijanaWaMasasi
Mrejesho. RAM 1536, prosesa 1, LXQt imeingia. Kobe yupo, lakini terminali inafunguka kwa sekunde tano badala ya dakika nzima. Mafaili nimeyanakili kwenye fleshi ya pili, nimeyafungua moja moja kwenye kompyuta nyingine, yapo. Sasa skrini ya VM imekuwa kadirisha kadogo, nikivuta haikui.

FundiChikongola
sudo apt install virtualbox-guest-utils virtualbox-guest-x11, kisha zima VM. Kwenye Display weka VMSVGA, video memory MB 128, 3D iache bila tiki. Ukiwasha, chagua View, kisha Auto-resize Guest Display.

KijanaWaMasasi
Imejaa skrini nzima! Asanteni wakuu.

Mhakiki_Lindi
Picha ya kobe tafadhali. Kikombe changu bado kipo mkononi.