Naomba ushauri: chumba cha kufulia, nyumba ya Shangani Mtwara

Wakuu, habari za leo. Nakarabati nyumba ya marehemu baba hapa Shangani, na stoo ya nyuma nataka iwe chumba cha kufulia. Kinachoniumiza kichwa ni koki. Kwa upepo huu wa bahari, zile za bei rahisi zinazong'aa hazimalizi mwaka, kutu tupu. Nichukue za shaba au plastiki?

Halafu tenki la lita 1,000 liko kwenye mnara wa mita 3 tu, yaani presha kama bar 0.3, na mashine niliyoipenda inataka 0.5. Niinue mnara au nifunge pampu?

Sinki nimeshaamua, la zege lenye vigae. Mama haiamini mashine. Fundi anadai tundu la kutolea maji sakafuni si lazima, nimemkatalia. Mliojenga pwani, mnasemaje?