Miaka 12 na iPhone, sasa XR yangu imeachwa nyuma. Nihame au nibaki?

hinawamvita

Assalam aleikum wapwani wenzangu, na nyinyi wa bara mlioko humu pia.

Mimi ni mpaka hina hapa Mji wa Kale, Mombasa. Maharusi, Idi, na msimu wa watalii huwa napata wawili watatu wakitoka Fort Jesus. iPhone yangu ya kwanza ilikuwa 4s, nililetewa na kakangu kutoka Dubai mwaka wa 2013. Ikaja 6, kisha hii XR niliyoichukua 2020. Hakuna aliyenibembeleza, nilizipenda mwenyewe. Nikiuweka mkono wa bibi harusi juu ya leso nikaupiga picha, rangi ya hina yatoka vile vile niionavyo kwa macho. Simu za wenzangu nimezijaribu, zinang'arisha mpaka bibi harusi aonekana kapakwa unga wa ngano. Mteja akiiona ile picha hajui hina imekoza au haikukoza.

Sasa Septemba 2025 iOS 26, mfumo mpya wa iPhone, ikatoka, na XR haimo. Wala XS. iPad yangu ya kizazi cha 9 imepata 26 yake, simu ikabaki na 18 yake. Betri nayo imeshuka hadi asilimia 76. Natoka nyumbani saa mbili asubuhi kwenda kazi Nyali, saa saba nishaanza kuwaomba wenye harusi chaji. Aibu jamani.

Kijana wa dadangu aniambia, "Khalati, hamia Android, waringia nini?" Nikakaa nikawaza, nikaona kinachonishika si simu. Ni duka la programu. Michoro yangu yote naichora kwa Procreate kwenye iPad. Nililipa mara moja, basi, hakuna cha kila mwezi. Android haipo kabisa. Na kuna vijiprogramu vingine nilivyonunua App Store miaka yote hii. Nikihama, nilipe upya Play Store kana kwamba sijawahi kununua kitu. Ukinunua sufuria Marikiti, ukahama Kibokoni kwenda Kisauni, mtu hakwambii ununue nyingine kwa sababu jiko limebadilika!

Na msidhani nalitetea duka lao. Tafuta programu ya kupunguza ukubwa wa picha uone. Ya kwanza ni tangazo, zinazofuata zote zasema bure, ukifungua wadaiwa kwa wiki. Mwaka jana nilijaribu moja, jina silitaji, siku tatu za bure. Siku ya pili nikaifuta nikijua nimemaliza. Ikanikata miezi minne.

Nimeweka shilingi 45,000. Nihame, nitafute iPhone nyingine ya mtumba, au nivumilie? Msinitukane.

chaji_ya_jumatatu

Miaka 12! Ndoa ngapi hapa mtaani hazijafika huko. Mimi natumia Tecno, nachaji Jumatatu, Jumatano ndo nakumbuka chaja niliiweka wapi.

fundi_mwembetayari

Waaleikum salaam dada. Usinunue chochote bado.

Asilimia 76 maana yake betri imechoka, si simu. Ikishuka chini ya 80 simu yenyewe huanza kukuandikia kwamba betri yahitaji huduma. Na betri ikichoka, iPhone huweza kupunguza kasi ili isizime ghafla. Hilo Apple walilikiri wenyewe Desemba 2017, baada ya watu kulalamika kwamba simu zao zinazeeka kabla ya wakati. Kwa hivyo ukiona simu nzito ukifungua kamera, huenda ni betri.

Badilisha betri. Lakini sikiza: kuanzia XR na XS za 2018, ukitiwa betri isiyo yao, simu hutoa ujumbe kwamba haiwezi kuithibitisha. Simu itafanya kazi, ujumbe tu ndo utakukera. Fundi akikwambia "hii original" na ujumbe ukatokea, mrudishie hapo hapo kabla hujalipa.

Jengine, tundu la chaji. Hapa kwetu hewa ya chumvi, pamba za mfukoni, na wewe juu yake una unga wa hina. Nimefungua simu za wapaka hina nikatoa vitu vya kijani sitaki kusema. Lisafishwe kwanza, pengine chaji haiingii sawasawa na lawama zote wapewa betri.

Kuhusu iOS 26, usiogope. Mwezi ule ule Apple walitoa 18.7 yenye marekebisho ya usalama, na XR huipata. Hesabu na miaka: XR ilitoka na iOS 12, ikafika 18. Hiyo ni mifumo saba. Haikukudhulumu.

bint_likoni

Dadangu mimi nilihama mwaka jana kwenda Samsung, nikwambie yaliyonipata.

Meseji za WhatsApp zinahamishika, ila kwa waya, na simu mpya iwe bado haijaanza kutumika. Mimi nilijifanya mjuaji, nikaiwasha, nikaweka kila kitu, kisha ndo nikakumbuka WhatsApp. Ikabidi niifute yote nianze upya. Zima iMessage, zile meseji za iPhone kwa iPhone, kabla hujatoa laini. Sikuzima, na mamangu mdogo aliye na iPhone akawa anatuma meseji zaenda kusikojulikana, akanununia wiki mbili.

Picha si shida. Apple wana ukurasa wao wa faragha ambapo waomba picha zako za iCloud, hifadhi yao ya mtandaoni, zinakiliwe kwenda Google Photos. Ila Google bure ni GB 15 tu, ukijumlisha na barua pepe zako. iCloud ni 5. Sasa wewe una picha ngapi za mikono?

hinawamvita

@bint_likoni elfu tisa na ushee. Nyingine ni mkono ule ule mara kumi na mbili.

@fundi_mwembetayari umenichekesha na vitu vya kijani, halafu nimechungulia tundu. Nimeacha kucheka.

kodi_na_kahawa

Mimi natengeneza programu, niko Bamburi, kwa hivyo nakuja na lawama za upande wa pili wa kaunta.

Hilo la sufuria umelisema vizuri, lakini App Store hununui sufuria, wanunua ruhusa ya kupikia kwenye jiko lao. Duka lilifunguliwa Julai 2008 na programu 500 hivi, na kawaida yao tangu hapo ni kuchukua asilimia 30 ya mauzo. Tangu 2021 sisi wadogo, tusiofikisha dola milioni moja kwa mwaka, twakatwa 15. Google nao wamefuata mkondo huo huo. Juu yake, Apple natoa dola 99 kila mwaka nibaki dukani. Google nilitoa 25 mara moja tu nikamaliza. Ndiyo maana wengi wameacha kuuza mara moja, wauza kwa mwezi au kwa wiki. Procreate ni wachache waliobaki na ule mtindo wa zamani, na mimi hata kama si wangu nawaheshimu.

Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2024 sheria yao imewalazimisha Apple wakubali maduka mengine kwenye iPhone. Huku kwetu bado mlango ni mmoja.

Ile iliyokukata miezi minne: kufuta programu hakukatizi malipo, si Apple si Google. Ingia kwenye mipangilio, gusa jina lako, kisha usajili, ukatize huko. Na uombe pesa zako kwenye reportaproblem.apple.com. Hawakubali kila ombi, lakini kuomba si aibu. Mimi najua walionyamaza wakakatwa mwaka mzima.

Kwa Android, kitu kimoja nakisifu: Play Store walipa kwa M-Pesa moja kwa moja.

hinawamvita

Mimi hulipia App Store kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, na ndo maana sikugundua, pesa zilikuwa zikitoka pole pole. Nimeshatuma ombi.

ami_wa_kibokoni

Binti yangu, mimi mtu mzima sijui mambo ya mifumo saba. Nauliza tu. Michoro iko kwenye iPad, na iPad ni nzima. Simu kazi yake ni kupiga picha na kupokea wateja. Hivi Procreate imeingiaje kwenye maneno ya kuhama simu? Ukichukua Android leo, iPad yako itanyang'anywa?

hinawamvita

Shikamoo ami. Hapana, haitanyang'anywa. Sikuwa nimeligawa hivyo.

ami_wa_kibokoni

Marahaba. Basi kilichobaki ni rangi ya hina kwenye picha. Hilo sisi hatuwezi kukuamulia, twende na macho yako.

kodi_na_kahawa

Ami amenifunga mdomo. Naongeza moja tu: ukiamua mtumba, hakikisha mwenyewe wa zamani ametoa akaunti yake mbele ya macho yako, si "nitamtumia paswadi". Bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya boksi. Na ukienda iPhone 15 kwenda juu waya ni USB-C, wa iPad yako hautaingia. Ukitaka Android ya bei yako, Galaxy A16 Samsung waliahidi miaka 6 ya masasisho. Kamera yake nenda uijaribu na mkono wako mwenyewe uliopakwa, usiamini picha za kwenye tangazo.

hinawamvita

Mrejesho, Jumamosi.

Nimeenda Mwembe Tayari. Tundu limetoka unga wa kijani kiasi cha kupaka kidole kimoja, wallahi, na fundi akawaita wenzake waje waone. Betri nimebadilisha, ujumbe umetokea, nikauliza, akakubali kwamba si ya Apple, akapunguza bei. Leo nimekaa na bibi harusi Tudor tangu asubuhi hadi magharibi, nimerudi na asilimia 38.

Dukani nilipita pia na mkono wangu uliopakwa, nikaupiga picha na simu tatu za Android. Moja ilinishangaza, rangi karibu sawa. Jina nitaliandika nikirudi kuijaribu juani, maana ndani ya duka taa ni nyeupe mno. Zile 45,000 bado ziko.

bint_likoni

Na yule kijana wa dadako umemwambiaje?

hinawamvita

Sijamwambia. Bado anipigia hesabu za Samsung, namwacha ahesabu.