Acheni kuwapelekea babu na bibi zawadi za kupigia picha

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Kila Desemba tukipanda Marangu, wajukuu wa mjini wanashusha mazawadi kwenye buti, picha zinapigwa, zinarushwa kwenye grupu la ukoo, pongezi zinamiminika. Januari wakishashuka, sisi tunaobaki na wazee ndio tunaojua yale mazawadi yana faida gani.

Babu amevuka miaka 80. Alikuwa na kitochi chake: chaji inakaa karibu wiki, redio ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku imo humo humo, na tochi inamfikisha chooni. Wakamnyang'anya, wakampa simu janja. Vidole vya babu vimepalilia kahawa maisha yote, vimekauka na vina sugu, kioo hakimsikii. Simu inaita, anaparaza, anaparaza tena, inakatika. Halafu aliyemletea ananipigia mimi kulalamika kwamba babu hapokei simu! Atapokeaje? Na usiku anakwenda chooni kwa kupapasa ukuta.

Ya bibi ndiyo inaniuma zaidi. Ana kisukari, ukoo mzima unajua. Kaletewa katoni ya soda, keki, na viatu vya wazi vyenye mikanda myembamba, eti apendeze kanisani. Jamani! Kisukari kinaua hisia za miguu. Kiatu kinamchuna mtu asisikie, kidonda kikianza hakifungi upesi, na wapo waliokatwa mguu kwa kitu kilichoanza kama lengelenge. Juzi namwosha miguu nakuta chini ya mkanda ngozi imeshatoka, yeye mwenyewe hana habari. Hela ile ile ingetosha raba laini za kufunika, pana kwa mbele, na soksi zisizobana.

Msiniambie habari ya uwezo. Kuna binamu yetu hana hata ajira ya kueleweka, alikaa jikoni na bibi mchana mzima, akaona miwani imefungwa kwa uzi. Akampeleka kupimwa macho, akamnunulia nyingine. Bibi anasoma kitabu cha nyimbo mwenyewe mpaka leo.

Mwaka huu, kabla hujanunua chochote, wapigie wanaoishi na wazee. Au waulize wazee wenyewe, midomo wanayo! Hawa wangu wanataka blanketi zito, maana Julai huku baridi haina mchezo. Na kitochi kirudishwe.

Wenzangu mnaokaa na wazee, nyie hawa ndugu mnawabana vipi?